Sekunde Tatu za Munich na Boksi Letu la Fulana

Zamu ya insha wiki hii ni yangu na nilikuwa nimeandaa habari nyingine kabisa, lakini tangu Jumamosi hapa kwetu hakuna neno lingine isipokuwa refa. Refa alifanya hivi, refa kala kitu, refa ni mtu wa bloku yao. Kwa ambao hamkuwepo uwanjani (na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, karibuni, tunawaona): tulifungwa fainali ya mpira wa kikapu 31 kwa 30. Zikiwa zimebaki sekunde chache tu, ile simu iliyokuwa inahesabu muda ikaita, na aliyeishika akaipokea. Akaongea kabisa! Anapokata, wenzetu wameshafunga. Sisi tukasema muda ulikuwa umeisha, wao wakasema bado, refa akaangalia simu, akaangalia watu, akasema kikapu ni halali. Vijana wetu wakakataa kwenda mbele kuchukua fulana za mshindi wa pili. Boksi lenye fulana 12 bado limekaa ofisini kwenye kituo cha vijana, na kila siku tunaulizwa mnakuja kulichukua au hamji.

Mdogo wangu mmoja wa timu aliniuliza kama kuna timu nyingine duniani iliyowahi kukataa zawadi namna hii, au ni sisi tu wenye vichwa vigumu. Ipo. Na habari yao ni ndefu kuliko inavyosimuliwa, maana watu wanapenda kusimulia sekunde 3 za mwisho na kuziacha dakika 39 na sekunde 57 zilizotangulia.

Ni mwaka 1972, Michezo ya Olimpiki, mji wa Munich, Ujerumani Magharibi. Wazee wetu wa upande huu wa Afrika wanaikumbuka Olimpiki hiyo kwa mambo mengine. Kabla haijaanza, nchi za Afrika zilitishia kuondoka zote kama Rhodesia ya walowezi ingeruhusiwa kushiriki, na Rhodesia ikatolewa. Kisha John Akii-Bua wa Uganda akakimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena akiwa kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo hakuna mkimbiaji anayeitaka. (Huyo huyo Akii-Bua, mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipokuwa unaanguka, alikimbilia Kenya na akawekwa kwenye kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki, mkimbizi kama wewe na mimi. Hiyo nayo ni insha ya siku nyingine.) Halafu tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliingia walikokuwa wamelala wanamichezo wa Israeli, na hadi mwisho wa mkasa ule Waisraeli 11 walikuwa wamekufa. Michezo ilisimama, ikaendelea tena. Fainali ninayotaka kuwasimulia ilichezwa siku chache tu baadaye, katika mji ambao bado ulikuwa na msiba.

Katika mpira wa kikapu, Marekani ilikuwa haijawahi kufungwa Olimpiki. Haijawahi, yaani hata mchezo mmoja, tangu mchezo huo uingizwe rasmi mwaka 1936. Mechi 63, ushindi 63, dhahabu saba. Lakini sikilizeni nani walikuwa wanacheza. Siyo wale wa NBA, kwa sababu Olimpiki ya wakati ule ilikataza wanaolipwa. Waliokwenda Munich karibu wote walikuwa wanafunzi wa vyuo, vijana wa miaka 20, 21, 22: Doug Collins kutoka Illinois State, Kevin Joyce wa South Carolina, Tom McMillen wa Maryland, Dwight Jones wa Houston, Jim Brewer wa Minnesota, na wengine. Mwanafunzi mkali kuliko wote wakati ule, Bill Walton wa UCLA, hakwenda. Kwa hiyo ilikuwa timu ya chuo iliyookotezwa vyuo mbalimbali, ikafundishwa kwa wiki chache, ikapandishwa ndege.

Upande wa pili, Umoja wa Kisovieti ulileta watu wazima. Sergei Belov alikuwa na miaka 28, kapteni wao Modestas Paulauskas alikuwa na 27, na walikuwa wamecheza pamoja miaka. Kwa makaratasi nao hawakuwa wa kulipwa; walikuwa wanajeshi, wanafunzi, wafanyakazi. Sisi mambo ya makaratasi tunayajua, tusiongeze kitu.

Sasa kocha. Henry Iba, mzee wa miaka 68. Msimdharau mzee huyu. Chuo chake, Oklahoma A&M, kilikuwa cha kwanza kuchukua ubingwa wa vyuo vya Marekani miaka miwili mfululizo, 1945 na 1946. Alikuwa na kijana mrefu sana, Bob Kurland, aliyekuwa akisimama chini ya kikapu na kupangusa mipira iliyokuwa inashuka kuingia. Ile sheria ya kutogusa mpira ukiwa unashukia kikapuni ilikuja kwa ajili ya watu kama yeye. Iba ndiye aliyeiongoza Marekani kuchukua dhahabu Tokyo mwaka 1964 na Mexico City mwaka 1968. Alikuwa anajua kazi.

Lakini kazi aliyokuwa anaijua ilikuwa ya aina moja. Kwa Iba, ulinzi kwanza. Mashambulizi ni kupasiana, kupasiana tena, kungoja, kuzunguka, na kutupa pale tu unapokuwa na hakika. Kukimbia na mpira kabla wapinzani hawajajipanga kwake ilikuwa ni fujo. Na mazingira ya vyuo yalimruhusu. Si mnajua leo ukikaa na mpira sana refa anapuliza? Vyuoni Marekani wakati ule hakukuwa na saa ya kukulazimisha kutupa. Iliwekwa rasmi kwa vyuo vyote msimu wa 1985 hadi 1986, nayo ilikuwa sekunde 45. Kabla ya hapo ukishatangulia unaweza kuukalia mpira kama kuku na mayai. Hata kuusindika mpira kikapuni kwa nguvu kutoka juu, danki, wanafunzi walikatazwa kuanzia 1967 hadi 1976. Michezo ya kimataifa yenyewe ilikuwa na sheria ya sekunde 30 tangu 1956. Kwa hiyo vijana waliolelewa bila saa walikwenda kucheza mchezo wenye saa, chini ya mzee ambaye fikra zake zilikomaa miaka ya arobaini. Na mstari wa pointi tatu haukuwepo. Ukidaiwa pointi kumi unalipa mbili mbili, hakuna njia ya mkato.

Dalili zilikuwepo kabla ya fainali, ila zilifunikwa na ushindi. Brazil walifungwa 61 kwa 54 tu. Italia, nusu fainali, walifungwa 68 kwa 38. Ukimfunga mtu 68 kwa 38, nani atauliza mbona umepata 68 tu?

Fainali ilianza saa sita kasorobo usiku, ili watu wa Marekani waione kwenye televisheni zao kwa saa nzuri. Wasovieti wakafunga kwanza na wakabaki mbele. Mapumziko: 26 kwa 21. Hebu iangalieni hiyo 21. Dakika 20, timu yenye vijana wenye kasi kuliko wote ukumbini, pointi 21. Wanapanda taratibu, wanapasiana, Wasovieti wamekaa wanawangoja, muda unakwenda, mtu anatupa kwa sababu imebidi atupe. Baadhi ya wachezaji walisema miaka mingi baadaye kwamba walikuwa wanajua wakiachiwa kukimbia wangewachosha wale watu wazima. Lakini kijana wa miaka 20 anamwambiaje mzee mwenye dhahabu mbili kwamba mpango wako hauendi?

Kipindi cha pili mambo yakaharibika zaidi. Dwight Jones, mfungaji wao mkuu, akasukumana na Mikhail Korkia, wote wawili wakatolewa. Hesabu ilikuwa mtu kwa mtu lakini hasara haikuwa sawa, Marekani ilipoteza zaidi. Mara tu baada ya hapo Jim Brewer akaanguka vibaya, akagonga kichwa, naye akatoka. Zikiwa zimebaki chini ya dakika kumi, Wasovieti walikuwa mbele kwa pointi 10. Kwa kasi ile ya Iba, pointi kumi ni safari ya Kinshasa kwa miguu.

Hapo ndipo vijana wakaacha kusubiri. Wakaanza kuwabana Wasovieti uwanja mzima, kuanzia pale mpira unaporushwa ndani. Kevin Joyce akawa anakimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wasovieti, ambao usiku kucha walikuwa wanacheza kwa raha zao, wakaanza kupoteza mipira. Pengo likaliwa kidogo kidogo mpaka 49 kwa 48, ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Mimi nikiisimulia habari hii, sehemu ninayoirudia kichwani ni hii, siyo ile ya saa. Dakika kama kumi za kukimbia zilikaribia kufuta kila kitu. Mtu hawezi kujizuia kuuliza ingekuwaje kama wangekimbia thelathini.

Twende kwenye sekunde zenyewe. Alexander Belov (siyo ndugu yake Sergei, majina tu) anatupa, McMillen anamzuia, Belov anaupata tena mpira na kuutoa vibaya, Doug Collins anaudaka. Anakimbia peke yake kuelekea kikapuni. Zurab Sakandelidze anamkata miguuni, Collins anaruka na kugonga chini ya nguzo, analala pale kama amezimia. Zimebaki sekunde 3. Mitupo miwili ya adhabu. Makocha wanajadiliana nani atupe badala yake, Iba anasema kama kijana anaweza kutembea basi atatupa mwenyewe. Akasimama, kichwa kinazunguka, akaweka wa kwanza: 49 kwa 49. Akiwa ananyanyua mikono kwa wa pili, honi ikalia mezani. Hakugeuka hata kidogo. Akaweka. 50 kwa 49, mara ya kwanza Marekani kuwa mbele usiku ule.

Ile honi ndiyo mzizi wa kesi yote. Wasovieti walisema kocha wao, Vladimir Kondrashin, alikuwa ameomba mapumziko, nayo kwa sheria za wakati ule yalipaswa kutolewa kabla ya mtupo wa pili, siyo baada yake. Meza haikuwapa. Kwa hiyo wao nao walikuwa na lalamiko lao juu ya waamuzi, jambo ambalo Wamarekani wengi wakisimulia hulirukia. Mpira ukarushwa ndani, sekunde mbili zikapita, refa Renato Righetto wa Brazil akasimamisha mchezo kwa sababu mtu wa benchi la Wasovieti alikuwa amefika mezani anapiga kelele. Imebaki sekunde 1.

Hapo akashuka mtu kutoka jukwaani. William Jones, Mwingereza, katibu mkuu wa FIBA, mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1932. Sheria haikumpa mamlaka ya kuingilia mchezo unaoendelea, lakini alikuwa ndiye mkubwa, na nani atamkatalia mkubwa? Akaonyesha vidole vitatu. Rudisheni saa kwenye sekunde 3.

Mpira ukarushwa tena, saa ikiwa bado inarekebishwa. Ubaoni ilikuwa inasoma sekunde 50. Honi ikalia, mpira wa Wasovieti ukapotea, Wamarekani wakajua wameshinda. Wakakumbatiana, watu wakajaa uwanjani. Katika vurugu hizo mzee Iba aliibiwa pochi mfukoni, dola 370. Hivi unaibiwa mara mbili usiku mmoja! Kisha wakaambiwa: ondokeni uwanjani, saa haikuwa imewekwa sawa, tunarudia.

Msaidizi wake, Don Haskins, alimshauri asiirudishe timu, waondoke hivyo hivyo. Iba akaogopa kwamba wakigoma watahesabiwa wameshindwa wakiwa wamekaa. Wakarudi. McMillen, mrefu, alikuwa amesimama mbele ya Ivan Edeshko anayerusha mpira. Refa wa pili, Mbulgaria, akamfanyia ishara ambayo McMillen aliielewa kuwa asogee, akarudi nyuma. Edeshko akapata nafasi, akautupa uwanja mzima. Alexander Belov akaruka kati ya Joyce na James Forbes, akaudaka, wale wawili wakapitiliza, akaweka kikapuni kwa utulivu kama yuko mazoezini. 51 kwa 50.

Righetto alikataa kutia saini karatasi ya matokeo. Marekani ikakata rufaa. Wengi humu tunaijua rufaa: unaandika, unasubiri kwenye korido, mlango unafunguka. Waliokaa kuamua walikuwa watano, kutoka Hungaria, Cuba, Poland, Italia na Puerto Rico. Kura 3 kwa 2, matokeo yabaki. Tatu kati ya nchi hizo zilikuwa upande wa Moscow katika vita baridi, na kila mtu akapiga hesabu yake mwenyewe.

Wachezaji wote 12 wakakataa medali za fedha. Kwenye sherehe sehemu yao ilikaa tupu. Kapteni wao, Kenny Davis, ameandika kwenye wosia wake kwamba mke wake na watoto wake wasije wakaipokea hata yeye akiwa amekufa. Medali zimebaki Uswisi, Lausanne, kwa Kamati ya Olimpiki.

Upande wa pili wa habari huwa hausimuliwi. Wale Wasovieti hawakuiba, walicheza waliyoambiwa cheza. Sergei Belov alifunga pointi 20 usiku ule. Alexander Belov, aliyefunga kikapu cha mwisho, alifariki mwaka 1978 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 26. Katika timu ile kulikuwa na Mlithuania, Wageorgia, Mbelarusi, na tangu mwaka 1991 nchi waliyoichezea pamoja haipo tena.

Mkiniuliza mimi, Jones alipaswa kubaki kwenye kiti chake, na timu ile ina haki ya kuwa na uchungu mpaka leo. Lakini pointi 50 ni pointi 50, na saa haikuwazuia kufunga kipindi cha kwanza. Angalieni pia kilichofuata. Mwaka 1988, Seoul, vijana wa vyuo walikutana tena na Wasovieti, nusu fainali, wakafungwa 82 kwa 76. Safari hiyo hakukuwa na saa iliyoharibika wala mkubwa aliyeshuka jukwaani. Mwaka uliofuata FIBA ikafungua mlango kwa wachezaji wa kulipwa, na 1992 kule Barcelona wakaja akina Michael Jordan. Enzi ya wanafunzi ikaishia hapo.

Sasa turudi kwetu, maana najua mnangoja. Siku ya Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa mezani naandika karatasi ya matokeo, na ninayo hapa. Kipindi cha kwanza tulifunga pointi 20. Cha pili, 10. Vikapu vinne na mitupo miwili ya adhabu. Mitupo ya adhabu tuliyokosa kipindi hicho ni saba, nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Katika vile vikapu vinne, vitatu ni vya yule mrefu wetu, kwa sababu tulikuwa tunampelekea yeye kila mpira na wengine tumesimama tunamtazama. Walipomweka watu wawili tukaendelea kumpelekea yeye yule. Na simu iliita, hilo nililiona kwa macho yangu, na aliyeishika aliongea, na muda kwa maoni yangu ulikuwa umekwisha. Kwenye karatasi yote mawili yapo: pointi nimeziandika, na pale chini pa kutia saini pako wazi. Wasimamizi wa mashindano wameniomba mara mbili nitie saini ili wafunge faili. Ndugu zangu wa timu wameniambia nikitia nisiwasalimie tena.

Mkutano wa timu ni Ijumaa saa kumi jioni, pale kwenye kontena la kituo cha vijana. Ajenda ni boksi la fulana, na kocha amesema kuna la pili, mazoezi ya mitupo ya adhabu. Kapteni ameomba kila mmoja aseme kwa zamu bila kukatwa maneno. Karatasi nitakuja nayo muione wenyewe kabla sijaamua lolote juu yake.